Nilimtania Binamu Kwenye Maiki, Akanyimwa Kiti Ng'ambo ya Ruvuma

Kosa ni langu mimi. Naanza na hilo ili mtakaponitukana mnitukane kwa mpangilio. Sikulazimishwa, sikulogwa, sikuwekewa kitu kwenye soda. Nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe, nimevaa viatu vya mchuchumio, nimejipulizia marashi, nikaenda kuharibu uchaguzi wa watu.

Tena si uchaguzi wa kwetu. Wa majirani! Mimi, mwanamke wa Magomeni hapa Mtwara, nisiyejua hata diwani wangu anakaa mtaa gani, nimeingilia uchaguzi wa nchi ya watu. Mkisikia redioni kwamba kuna mkono wa nje kwenye chaguzi za Afrika, mnafikiri ni wazee wenye suti kwenye jengo la vioo. Jamani, mkono wa nje ni mimi hapa, na khanga yangu kiunoni.

Mhariri, jina langu usiliweke, ingawa kwa watu wa hapa unajisumbua bure. Watanijua kwa mdomo.

Kazi yangu ni ushereheshaji. Emsii. Harusi, kicheni pati, mahafali ya chekechea, nipo. Kuanzia hapa mjini mpaka Nanyamba kwa mama yangu, ukisikia spika inacheka kabla muziki haujaanza ujue nimefika. Nina Kiswahili cha kuwachekesha maofisa waliohamia kutoka bara, na nina Kimakonde cha kuwatoa bibi zangu machozi ya kicheko. Kipaji Mungu alinipa. Akili ya kukilinda nadhani siku hiyo nilichelewa foleni.

Sasa, nina binamu. Nimwite Rashidi, ingawa si jina lake. Baba yake na mama yangu ni tumbo moja, ila mjomba alivuka Ruvuma angali kijana, akaoa kule, akazaa kule, na akazikwa kule. Rashidi kazaliwa kule kule, kasoma kule kule, anatengeneza injini za boti kwenye mji wao mdogo wa pwani. Mto umepita katikati ya ukoo wetu na hakuna aliyewahi kuuona kuwa ni kitu. Wao wanakuja huku kwenye misiba na msimu wa korosho, sisi tunakwenda kule kwenye harusi.

Na kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako. Ndiyo desturi. Tangu tunaota meno Rashidi ni mume wangu na mimi ni mkewe, japokuwa nimemzidi umri, na nilishaolewa kwingine nikaachika bila msaada wake. Nikifika kwake naanzia mlangoni, watu wote wasikie: "We mwanamume, matumizi huniachii, unakuja kujificha kwa huyu!" Mkewe, nimwite Amina, ananijibu, "Mke mwenza, mchukue tu, mimi nimechoka kumfulia." Watu wanakufa kwa kicheko. Hakuna anayekasirika, kwa sababu kila aliyepo pale anajua nani ni nani kwa nani.

Kampuni iliyoniajiri ikaingia hivi. Kijana mmoja wa Dar, nimwite Kelvin, alinisikia kwenye kicheni pati ya dada mmoja wa bandarini. Akanifuata nikiwa nakunja nyaya zangu. "Dada, sauti yako ni rasilimali," akasema. Rasilimali! Miaka yote naambiwa nina kelele. Mume niliyeachana naye aliitaja sauti hii mbele ya wazee alipokuwa anaeleza kwa nini amechoka. Leo mtu mwenye miwani ya kisomi ananiita rasilimali! Nilimwachia nyaya akunje yeye.

Kampuni ilikuwa ya nje. Ya nchi gani? Msiniulize, kwa sababu na mimi sikuuliza. Walipanga nyumba kule Shangani, geti jeusi, kiyoyozi kinapuliza mpaka unatamani sweta. Mlangoni waliandika kwamba wanafanya utafiti wa masoko. Bosi mkubwa alikuwa mzungu anayekaa ndani ya kompyuta. Anatokea kwenye skrini, anasema kitu, anacheka, anapotea. Kelvin ndiye aliyekuwa anatutafsiria, na nadhani alikuwa anatutafsiria nusu.

Nikapewa kitambulisho cha kuvaa shingoni. Kimeandikwa "Mshauri Mwandamizi wa Sauti za Jamii". Loo! Nilikivaa kile kitambulisho kwenda sokoni kununua ming'oko, mizizi yetu ya porini. Nilikivaa kwenye maulidi juu ya baibui, mpaka ustadhi akaniuliza kama nimekuja kukagua msikiti. Mama alipokiona akakishika, akakigeuza nyuma na mbele. "Mshauri? Unamshauri nani?" Nikamwambia, "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu." Ukweli ni kwamba hata mimi sikuwa namjua huyo ninayemshauri.

Tulianza kwa mambo ya heri. Nilirekodi ujumbe wa kunawa mikono. Nikarekodi mwingine wa kuwahimiza vijana wajitokeze kupiga kura. Vizuri kabisa, hata malaika wangesikiliza. Halafu Kelvin akaja na kazi ya "wahusika". Leo niwe bibi wa kijijini anayelalamikia barabara. Kesho niwe muuza samaki. Kesho kutwa niwe mjane anayesema mgombea fulani kamdhulumu shamba. Mimi narekodi, wao wanasambaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwa laini za simu walizokuwa nazo kwenye boksi, na laini zenyewe zote zilikuwa za ng'ambo ya mto.

Hapo nilijua. Msinitetee! Laini za kule, vijiji vya kule, wagombea wa kule, na mimi mjane wa shamba ambalo sijawahi kulikanyaga. Mjinga gani asingejua? Niliuliza mara moja tu. "Kelvin, hii si kudanganya watu?" Akasema, "Dada, hiyo ni sanaa. Mbona michezo ya redio ni hivyo hivyo?" Nikaridhika haraka sana, maana nilikuwa nataka kuridhika. Kiyoyozi kilikuwa kitamu, na mshahara ulikuwa unaingia.

Na huku mtaani sasa, nilikuwa mwanasiasa! Nikitoka kula mchana napitia saluni hapa Magomeni, nawapa somo wanawake wenzangu waliokaa chini ya makofia ya kukaushia nywele. "Hawa mabeberu wanatuvurugia chaguzi zetu Afrika! Wanatugombanisha! Tuamkeni!" Nagonga na meza. Kisha naangalia saa, naaga, napanda bajaji, narudi Shangani kuwavurugia majirani. Dada wa saluni aliniuliza mtu kama mimi nagombea lini. Nami, bila haya, nilikuwa nimeanza kulifikiria.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Kelvin akaonyesha ukutani picha za wagombea wa mji fulani mdogo wa kule. Nikaangalia ya kwanza, ya pili, halafu, ala! Mume wangu! Rashidi yule yule, kavaa shati la kuazima, kanuna kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Nilijua anagombea kiti kwenye baraza la mji wao. Alishaniambia kwenye simu, na sababu yake niliijua. Kule kwao kuna ufukwe ambapo akina mama wanaanika dagaa, tangu bibi zao. Maneno yalikuwa yamezagaa kwamba utazungushiwa uzio apewe mwekezaji, na hakuna mtu aliyekuwa anawaambia wale akina mama watakwenda wapi. Rashidi alitaka awe ndani ya kile kikao kabla uzio haujafika. Ndicho kitu pekee alichoahidi. Hakuahidi barabara wala maji, aliwaambia tu kwamba siku ufukwe utakapojadiliwa atakuwepo na atasema.

Basi mimi, badala ya kunyamaza, nikapiga kelele ofisi nzima, "Huyu si mume wangu huyu!" Kelvin akageuka taratibu. "Mume wako?" Nikacheka, nikamwambia, "Binamu. Mtoto wa mjomba. Mtani wangu." Nikamweleza desturi yote, nani anamwita nani nini, na yeye mtoto wa Dar anaitikia "ehee, ehee". Akasema, "Hebu mtanie kidogo na sisi tusikie."

Maiki ilikuwa imewaka taa nyekundu. Niliiona! Msije mkasema masikini hakuiona. Niliisogelea, nikairekebisha urefu, nikasafisha koo. Mimi na maiki iliyowaka hatujawahi kupishana.

Nikaanza vizuri. Nikasema mimi ni binamu yake, mama yangu ni shangazi yake, kwa hiyo nina haki zangu. Halafu nikafungulia: "Nyie watu wa huko, huyo mnayemshangilia ni mume wangu! Nimewaazima tu! Nyumba yake iko huku Magomeni, paa linavuja, watoto wanamlilia baba yao. Huko amefuata kula, akishiba anarudi kwao Mtwara. Mkimpa hicho kiti atakibeba kichwani avuke nacho mto aje kukikalia huku! Mnirudishie mume wangu, kama mmemchoka semeni!" Nikamalizia kwa kilio cha bandia, kile kilio changu cha harusini kinachofanya watu watoe pesa za kunituza.

Ofisi nzima hoi. Mzungu wa kwenye kompyuta akatafsiriwa, akapiga makofi. Kelvin akasema, "Dada, umeua!" Nikamuuliza, "Hii mtaituma?" Akasema, "Hapana, hii yetu tu, ya majaribio." Nikaona kabisa usoni kwamba ananidanganya, nikaenda zangu kunywa chai.

Haikupita wiki ikanifikia kwenye grupu letu la kikoba. Ilikuwa imekatwa kichwa. Pale niliposema mimi ni binamu, hapapo. Vicheko vya ofisini, havipo. Nyuma wameweka mtoto mchanga analia, mtoto wa watu wasiojulikana. Kilichobaki ni mwanamke wa Mtwara anayelia kwamba mgombea wa ng'ambo ni mumewe, ni Mtanzania, ana nyumba Magomeni, na amevuka mto kwenda kutafuta kula.

Na unajua nilifanya nini kwanza? Nilifurahi! Ndiyo, andika hivyo hivyo. Nilifurahi kwa kuwa nimesambaa. Madereva wa bajaji stendi wakanijua sauti, wakawa wananiita "mke wa mheshimiwa", nami napunga mkono kama niko kwenye msafara. Nilisikiliza ile sauti mara nyingi, na kosa pekee nililoliona ni kwamba kile kilio cha mwisho kingekuwa kirefu zaidi. Ndiyo akili niliyokuwa nayo wakati huo, Mungu anisamehe.

Siku chache baadaye Rashidi akapiga simu. Mwanzo alicheka. "Mke wangu, umenimaliza. Huku naambiwa nirudi nikazibe paa."

"Na uje kweli," nikamjibu, "mvua zinakaribia!"

Akacheka tena, kifupi. Kisha nikasikia anasogea mbali na watu.

"Sasa naongea kweli. Hiyo sauti iko kila mahali. Wanasema mimi si mtu wa hapa. Nimeitwa ofisi ya uchaguzi nipeleke mashahidi wa mahali nilipozaliwa, mimi, ambaye baba yangu amezikwa hapo nyuma ya soko. Watoto wangu shuleni wanaambiwa warudi kwao. Nikisema ni utani wa binamu, wananiuliza huyo binamu yuko wapi. Jumamosi ni mkutano wetu wa mwisho. Njoo usimame, useme jina lako na jina la baba yangu. Basi. Wakikuona na huo mdomo wako watacheka, yataisha."

Nikamwambia nakuja. Wallahi nilimaanisha. Nilianza hata kuchagua nguo.

Nikamwambia Kelvin naomba ruhusa Jumamosi. Akauliza ya nini, nami kwa ujinga nikamwambia ukweli, siku pekee niliyosema ukweli ndani ya jengo lile. Akafungua kabati akatoa mkataba wangu. Mkataba niliusaini mimi, ila sikuusoma. Ulikuwa wa Kiingereza kirefu, nikasoma pale palipoandikwa jina langu, nikaona hawajakosea, nikasaini. Kumbe ndani kuna mahali nimekubali kutosema kwa mtu yeyote nafanya nini na namfanyia nani. Kelvin akasema nikivunja, kampuni itanishitaki, kazi basi, na sherehe za watu wakubwa hapa mjini nisitegemee kuitwa tena.

Kisha akalainika, akatabasamu. "Halafu Jumamosi dada una semina Dar. Hoteli ya baharini. Tiketi ya ndege tumeshakukatia." Semina ya nini? Msicheke. Ya maadili ya mawasiliano!

Nilikaa nikapima. Huku mtoto wa mjomba wangu, huku hoteli yenye soseji asubuhi. Nikajiambia Rashidi ni mtu mzima, atajieleza. Nikajiambia uchaguzi wenyewe mdogo tu. Nikajiambia nitampigia nikirudi. Nikapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, nimekivaa kitambulisho changu, na nilipiga picha na mhudumu wa ndege.

Jumamosi, mwezeshaji wa semina akiwa anaeleza umuhimu wa kuthibitisha habari kabla ya kuisambaza, simu yangu ikaanza kutetemeka mezani. Rashidi. Nikaigeuza ikatazama chini. Ikatetemeka tena. Nikachungulia, Amina. Nikaisukuma chini ya mkoba. Mwezeshaji akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye mchangamfu, niwape wenzangu mfano wa ujumbe unaogusa watu. Nikasimama, nikawapa kichekesho kimoja cha mama mkwe, ukumbi mzima ukacheka.

Upande wa pili nilikuja kuelezwa baadaye, na aliyenieleza ni Amina, bila kupandisha sauti. Rashidi alikuwa jukwaani. Alinisubiri mpaka jua likawa kali, akaona sifiki. Akawaambia watu, "Binamu yangu amekwama njiani, lakini simu anayo, msikilizeni mwenyewe." Akaweka sauti ya juu, akaishika simu mbele ya maiki. Simu ikaita. Watu wakaisikiliza inaita, inaita, mpaka ikakata. Akachukua simu ya mkewe, akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

Kijana mmoja wa upande wa wapinzani wake akapaza sauti, "Mkeo kanuna, mfuate!" Uwanja ukaangua kicheko. Amina alisema Rashidi aliendelea kuishika ile simu mbele ya maiki hata baada ya kukata, mpaka yeye mkewe akapanda kumteremsha.

Jamani. Nimesherehesha watu nisiowajua kwa miaka na miaka. Mtu akinipigia saa yoyote niende nikachekeshe wageni wake, naenda. Siku moja tu mtu wa damu yangu ananihitaji nitaje jina langu kwenye maiki, jina tu, sikupokea!

Rashidi akashindwa. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi, niliyerudi kutoka Dar na cheti cha maadili.

Nikaenda Shangani kuchukua changu. Geti limefungwa kwa kufuli. Nikachungulia, kiyoyozi kimeng'olewa, limebaki tundu ukutani. Namba ya Kelvin haipatikani. Grupu la ofisi nimetolewa, na la semina nimetolewa. Mpaka leo sijui nani alikuwa anailipa ile kampuni ifanye ile kazi. Mshauri mwandamizi mimi! Nikasimama pale getini na kitambulisho shingoni, mlinzi wa nyumba ya jirani akaniuliza, "Mama, unatafuta kazi za ndani?"

Nikakimbilia Nanyamba kwa mama nikidhani nitaonewa huruma. Habari zilishamfikia kabla yangu. Nilimkuta anabangua korosho, hakuinua uso. Nikaweka mkate na sukari niliyomletea. Hakuvigusa.

"Kaka yangu tulimzika kule kwa sababu kule ndiko kwao," akasema. "Wewe umemfukua."

Nikaanza kujieleza, mkataba, Kelvin, semina. Akaniambia, "Mtani wako huko ofisini ni nani? Nani pale alikuwa ndugu yako mpaka ukafungua utani wa watu mbele yake?" Akaendelea kubangua. "Nenda ukaseme na mwanangu Rashidi. Usiposema naye, usiniletee tena sukari yako hapa."

Nikavuka mto pale Kilambo, nimebeba korosho za mama na kitenge cha Amina. Njia nzima nilikuwa najipanga. Nikasema nitaingia kama kawaida yangu, nianzie mlangoni na kelele, "We mwanamume, umeshindwa hata kura za shemeji zako!" Tucheke, halafu ndiyo nilie, halafu niombe msamaha. Nilikuwa na mpangilio kamili, kama nakwenda kusherehesha.

Kabla sijafika nyumbani kwao nikapita pale ufukweni. Uzio ulikuwa umeshasimama, mabati mapya kuanzia barabarani mpaka majini. Dagaa wa Amina nikawakuta wameanikwa uwanjani kwake, juu ya chandarua cha zamani, na yeye kakaa pembeni na kijiti anafukuza kuku.

Aliponiona alisimama. "Karibu wifi," akasema. Si mke mwenza. Wifi. Akatandika mkeka mpya, ule wa wageni, akaniletea maji ya kunawa kwenye birika. Mimi! Nyumba ambayo najipakulia mwenyewe jikoni na kulaumu chumvi. Hapo, akiwa anafukuza kuku, ndipo akanisimulia habari ya simu jukwaani.

Rashidi akatoka kwenye kibanda chake cha ufundi, anafuta mafuta mikononi. Amekonda. Nikafungua mdomo niachie ile niliyoipanga. Akaniwahi. Akainama kidogo, akanyoosha mkono.

"Shikamoo dada. Karibuni. Safari ilikuwa salama?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tangu kuzaliwa kwake huyu mtu hajawahi kunipa shikamoo. Alikuwa ananiita kizee, ananiita mzigo, ananiita mkopo wa marehemu baba. Leo shikamoo, na mkono juu, kama kwa mkuu wa shule. Marahaba ilikataa kutoka.

Nikajaribu. Kwa sauti yangu ile nikasema, "Mume wangu, hata chai huniulizi?"

Amina akaangalia chini. Watoto wakamwangalia baba yao.

"Chai inakuja, dada," akasema Rashidi.

Nikalia. Nikasema yote, kampuni, maiki, taa nyekundu, simu niliyoigeuza, kichekesho cha mama mkwe. Nikamwambia nitasimama sokoni sasa hivi, nitataja jina langu na la mjomba, nitazunguka mji mzima. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, jambo ambalo nalo hajawahi kunifanyia.

"Utamwambia nani, dada? Watu wameshapiga kura," akasema. "Na wakikuona hapa watasema mke wa Mtwara amekuja kumchukua mtu wake."

Nilisubiri acheke. Yalikuwa ni maneno ya kuchekesha, ndiyo, yeye na mimi wa zamani tungegaragara. Nilimtazama mdomo wake kwa muda mrefu. Hakucheka. Akaniuliza kama nitalala au narudi na boti ya jioni, maana kama nalala atamwambia Amina aandae chumba cha wageni.

Nikarudi na boti ya jioni.

Tangu hapo nampigia. Simu zangu anapokea zote, mlio wa kwanza, papo hapo, hata akiwa kazini. "Shikamoo dada. Hamjambo huko? Shangazi anaendeleaje? Haya, tunashukuru." Anamaliza. Heri angekuwa hapokei, ningesema ana hasira, na hasira zingeisha.

Sasa nyie mlio na midomo kama yangu, nawaomba. Emsii, wachekeshaji, watangazaji, na nyie mabinti mnaorekodi vichekesho kwenye simu. Atakuja mtu mwenye miwani atakuambia sauti yako ni rasilimali. Muulize rasilimali ya nani, na inakwenda kutumiwa kwa nani, na kwa nini jina lako halitatajwa. Akikuambia ni sanaa tu, ondoka. Akikuambia ni ya majaribio, kimbia, uache na viatu. Na kama mdomo umeshakuponyoka, nenda ukasimame useme ni mimi, siku hiyo hiyo, hata kama wana mkataba wenye kurasa za kujaza gunia. Mimi nilisubiri mpaka kesho, na kesho yake uzio ulikuwa umeshajengwa.

Na mkisikia sauti ya mwanamke analia kwenye simu kuhusu mgombea, hata kama inachekesha, ulizeni yeye ni nani kwake. Anaweza kuwa ndugu yake wa damu, kashiba, yuko kwenye kiyoyozi.

Kama una binamu mwenye kukutania, mpigie leo umtukane. Akikurudishia tusi, mshukuru Mungu, uko salama kwao. Mimi wa kwangu ananiamkia.